Nilivyopata sensa za gari ya Toyota IST kwa bei ya kawaida hapa Dar

Kama taa ya chek enjini imekukalia kwenye dashibodi na fundi kashakwambia "badilisha sensa zote" (vile vipimo vinavyoipa taarifa kompyuta ya gari), subiri kwanza usome hii. Gari yangu ni Toyota IST ya enjini ya 1NZ, lita 1.5, ilianza kula mafuta vibaya, na ukitoka kwenye foleni pale Ubungo ukikanyaga haivuti. Fundi wa kwanza hata mashine hakuchomeka, kasikiliza enjini kidogo akataja laki sita. Nikamuaga vizuri nikaenda kwa fundi umeme mwenye mashine ya kupimia, zikatoka kodi mbili tu (namba zinazotaja tatizo), P0135 na P0171.

Hiyo P0135 ni tatizo la hita, yaani kipasha moto, ya oksijeni sensa ya mbele, ile inayopima oksijeni kwenye moshi. P0171 ni kwamba mchanganyiko una hewa nyingi mafuta kidogo, na hii watu wengi wanapigwa hapa, kwa sababu haisemi sensa imekufa, inaweza ikawa bomba la hewa limepasuka, pampu ya mafuta imechoka au eafulo sensa, ile inayopima hewa inayoingia kwenye enjini, imeshika uchafu. Tukaangalia mabomba, mazima, presha ya mafuta iko sawa, tukafungua eafulo tukaipuliza na sprei yake maalum (sio ya breki wala ya kabureta jamani, mnaziua) na hakuna kuigusa na pamba wala kidole maana kiwaya cha ndani ni chembamba mno. Gari ikachangamka kidogo halafu kodi ikarudi, hapo ndo nikakubali kununua.

Sasa kitu nilichofanya kabla ya kwenda Kariakoo ni kupiga picha namba iliyopo kwenye sensa yenyewe. Toyota wana namba za tarakimu tano, kistari, halafu tano tena, eafulo inaanza na 22204, oksijeni 89465. Ukienda dukani ukisema "nataka sensa ya IST" utapewa chochote kilichopo, ila ukitoa namba maongezi yanabadilika palepale. Na namba hiyohiyo moja inaweza kuwa imefungwa kwenye Toyota kibao, kwa hiyo sio lazima utafute ya IST, nilikuwa nauliza namba tu, gari siitaji.

Gerezani winga (dalali wa mtaani) alinizungusha maduka mengi, mpya orijino ya eafulo bei ilikuwa juu sana, na zile za boksi jeupe zisizo na jina elfu hamsini. Hizo za boksi jeupe sizitaki, sensa inayodanganya kompyuta ni mbaya kuliko iliyokufa maana haikuwashii taa. Nikaenda Ilala kwenye mitumba ya Japani, wanakouza vipande vya magari yaliyokatwa huko, nikapata eafulo ya Denso namba ileile kwa elfu arobaini. Nilikubaliana na muuzaji kwanza nijaribu, fundi akachomeka mashine, enjini imepata moto na hujakanyaga mafuta ikasoma kama gramu 2 za hewa kwa sekunde, kwa 1.5 hiyo iko vizuri. Nikalipa.

Oksijeni sensa ni habari nyingine. Hiyo mtumba sikushauri kabisa, inakaa kwenye moshi miaka yote na inachoka hata kama kwa macho inapendeza. Ya kwangu tuliipima na testa kwenye zile waya mbili nyeusi za hita, ilitakiwa isome om 11 mpaka 16 hivi, haikusoma kitu, imekatika ndani. Nikanunua mpya ya Denso ile isiyo na soketi, ni nafuu kuliko yenye soketi yake, unakata soketi ya zamani unaunganisha, nyeusi mbili za hita, bluu ya signali, nyeupe ya ethi. Fundi alitaka kuunga kwa risasi ya kuyeyusha nikamkatalia, sensa hii inavuta hewa ya nje kupitia ndani ya waya, risasi inaziba, tumia vile viungio vya kubana vinavyokuja kwenye boksi.

Taa imezima, gari inavuta, na mafuta ya wiki sasa yanafika wiki kweli. Jumla nimetumia chini ya nusu ya ile laki sita, na ufundi humo humo.

Walioko mikoani, mtumie muuzaji picha ya namba na picha ya soketi ionekane idadi ya pini, na mwambie naye akupigie picha ya aliyonayo kabla hujatuma hela, ndo ipandishwe basi.