Siku moja maishani mwangu: picha 36, uso mmoja

Saa 11 alfajiri

Naamka kabla ya jua kwa sababu nautaka mwanga hafifu wa dirishani, ule usiodumu hata saa moja. Mwenzangu wa chumba amelala, kajifunika gubigubi. Ndani ya kamera mna mkanda wa picha nyeusi na nyeupe, 36 kwa jumla, na zote nimepanga ziwe za uso wangu. Ndiyo kazi ya muhula huu: kila mwanafunzi alete picha 12 alizojipiga mwenyewe, pamoja na filamu fupi inayomhusu yeye huyohuyo.

Simu nimeifungia kabatini. Simu inakuonyesha sura yako kabla hujapiga, na ukishajiona basi unaanza kujirekebisha: kidevu juu, jicho likodoe kidogo, mdomo ukae hivi. Mpaka ubonyeze, aliyebaki kwenye kioo cha simu humjui. Kamera ya mkanda haikuonyeshi kitu. Unakaa mbele yake kama uliyeitwa ofisini bila kuambiwa kosa.

Shida ya kwanza ni kwamba nikikaa mbele ya lenzi, nyuma hakuna wa kutazama kama fokasi, yaani ukali wa picha, imekaa sawa. Kwa hiyo nasimamisha ufagio kitini, nauvalisha koti langu, naulenga, nafunga fokasi palepale, kisha nauondoa na kukaa mimi. (Ufagio una subira kuniliko. Haupepesi macho.)

Kwa mwanga huu kamera inataka lenzi ikae wazi sekunde 4, na utamu wote uko humo. Kipima muda kinanipa sekunde 10 za kukimbilia kitini. Ukitulia sekunde zote 4 unatoka mtu. Ukitulia 2 kisha ukachomoka, unatoka nusu mtu, na mgongo wa kiti unaonekana kupitia kifuani mwako. Ukigeuza kichwa polepole, mabega yanabaki imara na juu yake panakuwa na moshi wenye masikio. Najaribu sekunde 3, najaribu 1, najaribu kukaa, kuondoka na kurudi ndani ya muda uleule. Picha 14 zinakwisha hivyohivyo. Jua linapoingia, sekunde 4 zinageuka 1/60 ya sekunde na mizimu yote inakimbia.

Ninapokimbia huku na huku namfikiria Robert Cornelius wa Philadelphia, ambaye mwaka 1839 alijipiga picha inayohesabiwa miongoni mwa za kwanza kabisa za aina hii. Alifunua lenzi, akaenda kukaa mbele yake akatulia, kisha akarudi kuifunika. Kwenye picha hiyo hayuko katikati. Amesogea upande mmoja, nywele timutimu. Hilo hunifariji sana. Naye hakuwa na ufagio.

Saa 2 asubuhi

Zamu ya kioo. Mwenzangu ameshaamka, ananitazama nikihangaika.

"Nipe nikubonyezee basi."

"Hapana. Picha ya kujipiga ikibonyezwa na mwingine inakuwa picha tu."

"Ehe! Na kioo je? Kioo ni changu mimi."

Ni kweli, ni chake. Anacheka, anakibeba mwenyewe na kukiegemeza karibu na dirisha, halafu anatoka zake.

Sitaki kamera inizibe uso, kwa hiyo naishika kifuani bila kuchungulia, na umbali naupima kwa utepe. Sentimita 80 mpaka kwenye kioo. Naweka 80 kwenye lenzi, natanua tundu la lenzi mpaka f/2 ili nyuma yangu pawe ukungu, napiga 12. Kwa kila picha nakumbuka kitu kimoja cha kweli: siku niliyofeli, sauti ya mama kwenye simu, deni la kitabu cha watu. Najisikia msanii hasa.

Saa 4 asubuhi

Darasani. Leo tunabishana kama mtu akivaa mavazi ya kuigiza bado amejipiga yeye. Mimi ni upande wa ndiyo, na shahidi wangu ni mpiga picha Samuel Fosso. Alifungua studio yake Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwaka 1975 akiwa na miaka 13. Wateja walitaka picha zao upesi, na mkanda ulipobakiwa na nafasi mwishoni, alizimaliza kwa kujipiga mwenyewe, amevaa alivyotaka. Nyingine alimtumia bibi yake Nigeria ili ajue mjukuu yu mzima. Kijana yule alikuwa anajificha au anajitangaza? Mimi nasema mavazi ndiyo yaliyompa ujasiri wa kukaa mbele ya kamera.

Mwalimu anatuletea Hippolyte Bayard, Mfaransa ambaye mwaka 1840 alijipiga akijifanya maiti ya mtu aliyekufa maji, kulalamika kwamba mvumbuzi mwenzake, Daguerre, amepewa sifa zote za uvumbuzi na yeye ameachwa. Kutoka nyuma mtu anasema, "Maiti iliyofunua lenzi yenyewe." Kipindi kinaishia hapo, kwa kicheko.

Saa 7 mchana

Filamu. Nina kaseti moja ya milimita 8, mita 15 za mkanda. Kwa fremu (picha ndogondogo) 24 kwa sekunde, hiyo ni kama dakika 2 na nusu tu. Mpango wangu: kamera imesimama mwisho wa korido, mimi nakaa mahali 12 tofauti, kila mara mbali zaidi, mpaka niwe doa.

Kwenye karatasi ulipendeza. Ila kamera hii haina kipima muda. Nikishaiwasha inakula mkanda, nami bado natembea kwenda mahali pangu. Sekunde 5 za kutembea ni fremu 120 za mgongo wangu. Mara 12, ni dakika nzima ya mgongo ndani ya filamu ya dakika 2 na nusu. Na kila hatua ninayosogea mbali, bei inapanda.

Mwenzangu anapita, ananyoosha kidole kuuliza kama abonyeze. Natikisa kichwa. Sasa ni ukaidi mtupu, nakiri.

Baada ya mara ya nne naketi sakafuni nakuna kichwa. Kisha naamua kutokata chochote. Mtu anayewasha kamera, anaipa mgongo, anakwenda, anageuka, hajui la kufanya na mikono yake, anarudi kuizima: filamu ndiyo hiyo. Mahali 12 panakuwa 7. Nilipofika pa mwisho sikukumbuka hata kutengeneza sura. Kaseti lazima itumwe kusafishwa kwingine, kwa hiyo nitaiona baada ya siku kadhaa.

Saa 10 jioni

Picha 10 zilizobaki kwenye mkanda nilizimaliza kwa kupiga kivuli changu ukutani. Mbili huenda zikafaa, nyingine sizitetei.

Chumba cha giza. Wengi hudhani mna taa nyekundu muda wote, lakini ile ni ya karatasi. Mkanda haustahimili mwanga wowote, kwa hiyo unauzungusha kwenye gurudumu lake kwa kupapasa tu. Nikishafunga chombo, nawasha taa na kazi inakuwa ya saa na kipimajoto: dawa nyuzijoto 20, kutikisa kila sekunde 30, dawa ya kuzuia, dawa ya kukaza, maji mengi. Naanika mkanda kwa kibanio. Kwenye negativu, ambako cheusi huwa cheupe na cheupe cheusi, nywele zangu ni nyeupe pee na meno meusi, kwa hiyo najipa moyo kwamba ubaya huu ni wa muda.

Saa 2 usiku

Taa nyekundu sasa. Mizimu ya alfajiri imetoka vizuri, mitatu au minne nitaitumia. Nachovya karatasi ya picha ya kioo kwenye dawa, nasubiri. Pembe za dirisha zinajitokeza. Kisha bega. Kisha uso wangu, na ni uji mtupu.

Utepe! Nilipima mpaka kwenye kioo. Sura iliyomo ndani ya kioo iko mbali mara mbili, sentimita 160, na jambo hilo nimeliandika kwa mkono wangu kwenye daftari la muhula uliopita. Picha zote 12 fokasi imekaa juu ya kioo chenyewe: vumbi, mkwaruzo, na pale shavu langu lilipo, alama ya kidole gumba, kali, kila mstari unahesabika.

Nikaitazama kwa muda mrefu. Nikaanza kuipenda. Uso umeyeyuka, kilichobaki ni alama ya kidole, kitu ambacho hakifanani na cha mtu mwingine yeyote duniani. Nilikuwa nimeshaanza kutunga kichwani maneno ya kumwambia mwalimu.

Narudi chumbani na karatasi ingali na unyevu, namwonyesha mwenzangu. Anaisogeza taani, anakunja uso, kisha ananyoosha kidole gumba chake cha kulia. Kina kovu lililokikata katikati. Kwenye picha, alama ile ina mstari mtupu, palepale katikati.

"Hiki si changu hiki?"

Tumecheka mpaka jirani akagonga ukuta. Picha nimeiweka ya tano kati ya zile 12. Chini yake pana nafasi ya jina la mpiga picha, na hadi naandika haya tunabishana nani aandikwe.