Nasaba ya funkisheni

Mwaka 2019 nilikuwa fundi wa kompyuta katika duka moja la jumla, Ngamiani, Tanga. Programu ya mauzo niliiandika mwenyewe. Wateja wakijaa, kompyuta ya kaunta inaganda, diski inakwaruza, na tajiri ananitazama bila kusema neno. Afadhali angegomba.

Nikaamua kuichungulia kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux unaoiendesha kompyuta, kwa ftrace, chombo cha ufuatiliaji cha Steven Rostedt kilichoingia humo tangu toleo la 2.6.27, mwaka 2008. Nikawasha tresa ya funkisheni, inayoandika kila kipande cha msimbo kinapoitwa, na kimeitwa na kipi. Mistari ikamwagika kama dagaa: submit_bio, inayopeleka kazi diskini, kaitwa na ext4_io_submit, ya mfumo wa faili. Tena. Tena. Sawa, kuna kuandika diskini, na programu yangu imetajwa pembeni, ila kwa amri gani? Kila mstari ulimtaja mwitaji mmoja tu, yule wa karibu.

Bibi yangu, Mdigo wa Pangani, hakuwahi kutosheka na jina la baba. Mgeni akiingia: "Wewe wa nani? Na huyo wa nani?" mpaka wafike kwa babu wa babu. Nami nilitaka hivyo hivyo.

Ipo swichi yake ndani ya ftrace, func_stack_trace, ya kuonyesha waitaji wote kwa mfuatano. Nikaiwekea 1. Papo hapo kompyuta ikafa ganzi, hata mshale hausogei. Kerneli huita funkisheni mfululizo, nami nimeiamuru isome nasaba ya kila moja! Waraka wa ftrace unaonya waziwazi: chujio kwanza. Saa tano asubuhi nikakishikilia kitufe mpaka ikazima, foleni imefika mlangoni.

"Fundi, leo utatulaza hapa?" akauliza mama mmoja mwenye kapu.

Jioni, duka limefungwa, nikaandika submit_bio peke yake ndani ya set_ftrace_filter, ndilo chujio lenyewe, ndipo nikawasha swichi. Nikajiuzia sabuni tatu za uongo. Ukoo ukajipanga: submit_bio, ext4_io_submit, ext4_writepages, ext4_sync_file, na chini zaidi do_fsync, inayoitikia amri ya fsync. Yaani programu inadai data ishuke diskini sasa hivi, nayo yenyewe inasimama kungoja.

Nikafungua msimbo wangu. Fsync ipo, kwa kila bidhaa inayopigwa, si kwa kila risiti. Niliiweka enzi zile umeme ukikatika kila siku, nikaisahau. Nikaihamishia mwisho wa risiti.

Kesho yake kaunta ilikwenda mbio. Tajiri akaniuliza tatizo lilikuwa nini.

"Diski, mzee," nikamjibu.