Siku moja maishani mwangu: kufuata neva za jicho la tumbili

Saa moja asubuhi naanza kuosha konea, kile kioo cha mbele cha jicho, iliyolala siku kadhaa kwenye kingamwili, protini zinazonasa kwenye neva ili zionekane. Tishu ni nene, dawa hupenya polepole. Naosha, nabadilisha maji, naosha tena, hadi saa tatu.

Watu wakisikia kazi yangu hukunja uso. Konea haina mshipa wa damu hata mmoja, lakini imesheheni neva kuliko karibu tishu yoyote ya mwili. Ndiyo maana chembe moja ya vumbi inakutoa machozi. Tumbili namhitaji kwa sababu chini ya ngozi ya juu ya konea ana tabaka la Bowman, utando mwembamba usio na seli, kama letu sisi.

Saa nne lilipaswa kufika jicho la mnyama aliyekufa usiku. Halikufika. Saa tano nikapiga simu: limeshatumwa. Saa sita: limepokelewa. Na nani? Hakuna ajuaye. Neva za konea huharibika upesi baada ya kifo, na nyuzi nyembamba ninazozitafuta ndizo hutangulia kupotea. Nilizunguka majengo matatu. Sanduku nikalikuta sakafuni, nyuma ya meza ya mapokezi, barafu imebaki maji.

"Dada, si ni sanduku tu?" akauliza mtu wa mapokezi.

Sikumjibu. Nilikimbia.

Nililiweka jicho kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi tishu, saa nane na nusu, mikono ikitetemeka, sijala. Sijui kesho nitaona nini.

Mchana uliobaki: kutoa lenzi na irisi, ile duara yenye rangi, ya sampuli nyingine, kuikata konea mara nne kutoka ukingoni ilale bapa kama ua.

Giza limeshaingia ninapokaa kwenye hadubini na konea ile ya asubuhi. Shingo inauma. Shina la neva, tawi la neva ya tano ya kichwa, linaingia kutoka ukingoni na ndani ya takriban milimita moja linavua ala yake ya mafuta, mwanga upite. Linapanda, linatoboa tabaka la Bowman, linatawanyika kuwa mistari inayokwenda sambamba. Pembeni, kwenye konjaktiva, utando unaofunika weupe wa jicho, nyuzi nyingine zinaizunguka mishipa ya damu na seli zitoazo ute.

Napiga picha moja baada ya nyingine za kuunganishwa. Uzi mmoja umenipotea mara mbili. Nasogeza lenzi taratibu, naupata tena, nao unaishia katikati ya seli za juu kabisa, karibu kugusa machozi.