Nyuzi 19 za ziada

Jumapili, usiku.

Leo nimechomoa nyuzi 19 kwenye mtande (nyuzi za wima za kitambaa) uliokwisha kutungwa. Vidole vinawaka, shingo imekakamaa, na bado nacheka peke yangu, maana kosa lenyewe lilikuwa daftarini tangu wiki iliyopita, limekaa kitako linanitazama.

Miaka mitatu nimefuma kwa michoro ya watu. Unatunga kama ilivyoandikwa, unakanyaga kama ilivyoandikwa, kitambaa kinatoka. Wanaokiona wanakusifu, nawe unaitikia huku moyoni unajua ulichotoa ni mikono tu, akili ni ya mwingine. Nilipopata kitanda cha kufumia chenye fremu 8, zile zinazoinua nyuzi za mtande, nikajiapiza: safari hii nachora mwenyewe.

Kwa asiyefuma, mchoro wetu una sehemu nne kwenye karatasi ya miraba. Juu kuna mtungo, unaosema kila uzi wa mtande unapita fremu ipi. Pembeni kuna mkanyago, yaani mwendo wa miguu. Pale konani viwili hivyo vinapokutana kuna fungo, kijimraba kinachoonyesha pedali gani inainua fremu zipi. Ya nne ni picha ya kitambaa, nayo huichori upendavyo. Inazaliwa na zile tatu.

Hilo la mwisho nililisoma mara mia bila kulisikia. Mimi nilianza na picha. Nikachora jani, zuri kweli, lina mishipa na kikonyo kilichopinda, upana nyuzi 24. Ndipo nikajiuliza litataka fremu ngapi. Kujua si kazi: unapita safu za wima moja moja. Zinazofanana mraba kwa mraba zinakaa fremu moja, na kila iliyo tofauti inadai fremu yake. Nikahesabu, nikarudia kuhesabu. Safu tofauti 19, na fremu ninazo 8. Mistari ya kulala nayo hudai pedali kwa mtindo huohuo, lakini huko sikufika, nilifunga daftari nikaenda kulala.

Siku nne nilikuwa na kifutio mkononi. Mishipa ikaondoka. Kikonyo kikanyooka. Nusu ya kulia nikaifanya kivuli cha nusu ya kushoto, kwa kuwa uzi wa kulia ukilingana na mwenzake wa kushoto wanagawana fremu moja. Nikapunguza na kupunguza hadi nikajikuta natazama almasi. Almasi ileile niliyokwisha kuifuma mara kumi kwa michoro ya watu! Mwaka 1677, mjini Ulm, Ujerumani, mfumaji Marx Ziegler alichapa kitabu cha michoro ya fremu na pedali, na nikiwatazama watu wa zama zile sasa nawahurumia kidogo. Nilidhani walipenda sana almasi. Kumbe huenda nao walianza na jani.

Basi nikaikubali. Mtungo ukawa wa kwenda na kurudi: fremu ya 1 hadi ya 8, kisha kushuka tena.

Raha niliipata kwenye fungo. Fremu 4 zina namna 14 za kuinuliwa, ukiacha kuinua zote na kutoinua hata moja. Fremu 8 zina namna 254. Pedali zangu ni 10. Kwa hiyo katika 254 unachagua kumi, na kila ukibadilisha chaguo, kitambaa kinakuwa kingine bila uzi hata mmoja wa mtande kuguswa. Jioni moja nilihamisha alama kwenye pedali mbili tu, almasi zikatoboka katikati na ndani ya kila moja ikaota almasi ndogo. Nilichora mafungo hadi saa saba usiku. Kutunga kunanila siku nzima, ilhali kufunga pedali upya ni kulala chali chini ya kitanda kwa muda mfupi na kutoka na vumbi kwenye nywele.

Kipande cha majaribio nikampelekea mwalimu wangu, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi. Akakipitisha mkononi, pete yake ikanasa. Akaitoa taratibu, uzi umevutika kama kamba ya nguo.

"Huu unaruka nyuzi ngapi?"

"Tisa, mwalimu."

"Hebu geuza tuone mgongo."

Mgongoni kulikuwa na mruko wa kumi na moja.

Nafuma nyuzi 6 kwa sentimita, kwa hiyo kuruka nyuzi tisa ni sentimita moja na nusu ya uzi usioshikwa na kitu. Kwenye karatasi ile ilikuwa miraba tisa myeupe iliyotulia, nami niliiona kama nafasi ya jicho kupumzika. Kwangu mraba mweusi ni mtande kuwa juu, kwa hiyo weupe ukifuatana kwenye mstari wa kulala, mshindio, yaani uzi wa kukingama, unaelea usoni. Weusi ukifuatana, unaelea mgongoni. Wima nako kuna mambo yake, mtande nao huelea. "Mwanangu," akasema, "picha unayochora ina uso tu. Mgongo uusome mwenyewe." Sasa kila mchoro naupitia mara nne kwa kalamu nyekundu, na kwa shali mruko ukizidi nyuzi tatu naupigilia katikati.

Sasa hizi 19. Daftarini nilichora mtungo mmoja kamili: 1, 2, 3 hadi 8, kurudi 7, 6 hadi 1. Nyuzi 15. Nikazidisha kwa 20, nikapata nyuzi 300, nusu mita ya shali. Nikatunga zote. Nilipofuma kiasi cha upana wa kiganja nikaona michirizi minene ya wima kwa vipimo sawa, kama mbavu. Nikalaumu chanuo, lile linalozipanga nyuzi za mtande. Nikalaumu uzi, nikalaumu hata taa.

Mtungo wa kwanza unaishia 1. Wa pili unaanzia 1. Kila mitungo inapopakana kuna nyuzi mbili za fremu moja, zinapanda pamoja, zinashuka pamoja, mapacha. Mitungo 20 ina viungo 19. Ningechora mitungo miwili tu ubavu kwa ubavu ningeliona. Ziko programu za kompyuta zinazoijaza picha nzima, zingenipigia kelele palepale, lakini mimi nilitaka kuchora kwa penseli, nione fahari.

Nikachomoa pacha mmoja kwenye kila kiungo, kisha nikautoa mtande wote kwenye chanuo na kuupitisha upya, uzi kwa uzi, usibaki na mapengo. Zimebaki nyuzi 281. Shali imepungua sentimita tatu. Kwenye fremu ya kwanza zinaning'inia nyaya 19 zilizopitisha nyuzi zile, sasa matundu matupu, zinagongana kila ninapokanyaga, na mbavu zimetoweka.

Nimefuma sentimita kumi. Nimegeuza. Mgongo umependeza kuliko uso.