Kalitunsi si mti mmoja jamani

Huku Uganda ukisema kalitunsi, yaani mkaratusi, kila mtu anaelewa, ule mti mrefu wa nguzo na kuni, basi, hakuna anayeuliza ni kalitunsi gani. Mi hilo linaniuma kweli, maana mikaratusi iko aina zaidi ya 700, karibu zote asili yake Australia, chache tu ndo za huko Indonesia, Papua New Guinea na Ufilipino, sasa mtu ananunua miche kando ya barabara anajaza shamba lote bila kujua kapanda nini, alafu ikidumaa anasema ati udongo wake mbaya.

Tunaouona sana ni aina inayoitwa grandis. Angalia gome: pale chini linakwaruza mkono, ukiinua macho unakuta shina laini jeupe, na gome la zamani linabanduka vipande virefu vinaning'inia. Unataka mvua na udongo wenye kina, ndo maana upande wa Fort Portal na Bushenyi viwanda vya chai vinautegemea kwa kuni za kukaushia majani. Ukiupeleka kwenye ukavu wa Karamoja utakusumbua bure, huko afadhali kamaldulensisi, ambao kwao unaota kando ya mito, hata ile inayokauka sehemu ya mwaka. Globulus nao ni wa baridi, wa milimani, ndo huo uliojaa Addis Ababa tangu enzi za mfalme Menelik wa Ethiopia. Na kuna sitriodora, ukifikicha jani lake unasikia limau kabisa, mafuta yake yanafukuza mbu (wataalamu waliuhamishia ukoo mwingine unaoitwa Corymbia mwaka 1995 lakini watu bado wanauita kalitunsi, sawa tu).

Sasa ukipata globulus mchanga simama kidogo uuangalie. Majani yamekaa mawili mawili yakitazamana, mapana, hayana kikonyo, yana rangi ya kibuluu na unga mweupe ambao ukipitisha kidole unatoka. Huo huo mti ukikua unatoa majani mengine kabisa, marefu, yamepinda kama mundu, yananing'inia chini ili jua kali la mchana lisiyapige moja kwa moja, mtu asiyejua ataapa ni miti miwili tofauti! Na ua lake halina petali za kuonekana, petali zimeungana zikawa kifuniko kidogo, ua likiiva kifuniko kinadondoka na zile nyuzi nyeupe zinafumuka, hapo nyuki ndo wanajaa, wafuga nyuki wanajua.

Kuhusu maji, mi siwezi kuutetea mti kwa kila kitu. Unakua haraka na kitu kinachokua haraka kinakunywa, na watu wetu wameupanda kwenye kinamasi makusudi kikauke wapate ardhi, hilo ni kosa na majirani wanaolalamika kuhusu kisima wana haki yao. Lakini kwenye kilima kisicho na chemchemi, mbali na mahindi ya jirani, sioni ubaya, maana kila kuni inayotoka hapo ni kuni ambayo haikukatwa msituni.

Uzuri mwingine ni kwamba ukikata, kisiki cha grandis kinachipua tena, chipukizi nyingi sana, unaacha mbili au tatu zenye nguvu zingine unatoa, ukiziacha zote utapata fito tu.

Kwenye kununua miche, muulize mwenye kitalu aina gani na mbegu imetoka wapi, kama ni chotara akwambie ni chotara wa nini na nini, alafu geuza majani uangalie kile kimshipa cha katikati na kikonyo, ukiona vinundu vimevimba hapo ni kazi ya kijinyigu kidogo sana kinachotaga ndani ya jani, nacho kimetoka huko huko Australia, kinaupenda sana kamaldulensisi na baadhi ya chotara zake. Miche ya hivyo usichukue hata ukipunguziwa bei, itadumaa na itawaletea wadudu wenzake wazima shambani.