Kilima chenye jina kwenye chupa

Baba amelima zabibu Hombolo, Dodoma, tangu sijazaliwa. Utotoni likizo zangu zilikuwa kuchuma, kupanga kwenye kreti na kusubiri gari la mnunuzi. Kwa hiyo mwenzangu wa kazini aliponiambia kwamba saa moja tu kwa treni kutoka Koblenz, mji wa Ujerumani ninakofanya kazi ya uuguzi, kuna mashamba ya mizabibu yaliyosimama kama ukuta, sikutaka kuambiwa mara mbili. Niliomba mapumziko mwishoni mwa Septemba, wakati wa mavuno unapoanza.

Nilikwenda na shoga yangu wa Mombasa, ambaye hatumii kileo. "Mimi naja kutazama mto, shoga. Hiyo tembo utakunywa peke yako."

Treni ikipita Cochem huingia kwenye handaki la zaidi ya kilomita nne, na ukitoka upande wa pili mto Mosel unakusubiri. Tulishuka Ediger-Eller tukatembea kando ya mto hadi Bremm. Hapo ndipo kilipo Calmont, kilima chenye mizabibu ambacho kwa sehemu kina mwinuko wa nyuzi 65. Nilisimama barabarani nikahisi shingo inaniuma kwa kutazama juu. Trekta haliwezi kupanda pale. Watu huchuma kwa mikono, na zabibu hushushwa kwa kigari kinachotambaa kwenye reli moja ya chuma.

Kwa nini mtu ajitese hivyo wakati bondeni kuna ardhi tambarare? Mzee aliyetupokea kwenye kiwanda cha kwanza cha mvinyo tulichotembelea aliokota jiwe bapa, jeusi, akaniwekea kiganjani. Lilikuwa na moto kama chapati. Kule jua ni haba, akasema. Mteremko unalipokea jua usoni, mawe yanalihifadhi mchana na kulirudisha usiku, na mto unaongeza mwanga kutoka chini. Bila hayo, Riesling, aina ya zabibu za huko, isingeiva vizuri. Nikawaza Hombolo, ambako jua ni la kumwaga na tunacholilia ni maji.

Nilipomwambia kwamba kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka, alitua glasi mezani. "Mara mbili? Sasa mizabibu yenu inalala lini?" Kwao baridi ndiyo inayoilaza. Nikamweleza kwamba kwetu hakuna baridi ya kuilaza, mkulima mwenyewe ndiye anayeiamsha kwa kupogolea, akikata matawi msimu unaanza upya. Alimwita mwanawe aje asikilize. Sijawahi kusikilizwa hivyo nchini humu kwa jambo nililofundishwa na baba.

Nilionja mivinyo mitatu. Ule mkavu una uchachu unaokumbusha ndimu na ukwaju mchanga. Ule mtamu haukuniacha na kiu ya sukari, uchachu uleule uliukata utamu. Shoga yangu aliletewa juisi ya zabibu za shamba lilelile, na yeye ndiye aliyesema neno ambalo mimi sikulipata: "Hii ina ladha ya jiwe lililonyeshewa mvua."

Kisha mzee akauliza mvinyo wa baba unaitwaje. Hauna jina. Baba huuza kwa kilo, na bei huipanga anayekuja na gari. Msimu mmoja mnunuzi aliyeahidi hakutokea, zabibu zikaozea shambani, na ada yangu ya shule ikaondoka nazo. Siku hizi wakulima wengine husindika wenyewe wakauza mchuzi wa zabibu, yaani zabibu zilizokamuliwa, kwenye mapipa, lakini jina la kijiji huishia hapohapo kwenye pipa.

Kiwanda cha pili tulikipita haraka, kilijaa mabasi ya watalii.

Jioni tulikula kwenye mkahawa mdogo kando ya mto, sahani tano, pesa niliyoiweka tangu Juni. Zander, samaki wa mtoni, alikaangwa ngozi ikawa kama kaki. Mchuzi wake una mvinyo, na mhudumu, bila kuombwa mara mbili, alirudi jikoni shoga yangu akapikiwa wa siagi na limau. Mwisho zikaja pichi nyekundu zinazoota kwenye mashamba yale ya mizabibu, zimechemshwa taratibu. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni mhudumu akinimiminia glasi, kisha akanyoosha mkono dirishani kuelekea kilima kilichokuwa kinaingia giza: "Huu umetoka pale." Kwenye lebo, Calmont.

Nilimtumia baba picha ya chupa na ya kilima. Sauti yake ikaja usiku: "Mwanangu, huko juu kwenye mawe wanamwagiliaje?"

Asubuhi tuliiacha treni ya kwanza, tukarudi kwa mzee. Akasema miche michanga ndiyo hupewa maji. Mizabibu mikubwa mizizi yake huingia kwenye nyufa za mawe, chini kabisa, ikayatafuta yenyewe. Nilimrekodi, nikamtafsiria baba neno kwa neno. Akajibu ana maswali mengine manne.