Dizi ya Asubuhi, Dizi ya Alasiri

Juzi binti yangu alikuwa akitwanga vitunguu saumu vya pilau, akaniuliza mbona nimenyamaza ghafla. Mawazo yalikuwa yameshafika Hangzhou, China, kwenye ile kazi ya studio.

Tulikuwa tunatengeneza dizi ya kompyuta. Dizi, filimbi ya mwanzi ya Kichina, inarekodiwa noti mojamoja, kwa pumzi ndogo, ya wastani na kali, kisha programu inazipanga kwenye kinanda ili hata asiyejua kupuliza aweze kuipiga. Mpulizaji wetu alikuwa mzee tuliyemwita Mwalimu, na dizi yake ilichongwa Zhongtai, palepale Hangzhou, kwa mafundi wanaosifika kwa filimbi za mwanzi.

Mvua za Juni zilikuwa zimeanza, unyevu kila mahali. Asubuhi kazi ilikwenda vizuri. Alasiri sauti ikapooza.

Mwalimu akaitazama dizi. Kati ya tundu la kupulizia na matundu sita ya vidole kuna tundu jingine, linalofunikwa kwa utando unaotolewa ndani ya tete, mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Ulikuwa umelegea. Akaubandua, akatoa punje ya kitunguu saumu mfukoni, akaikata kwa kucha na kuisugua kuzunguka tundu. Maji yake ndiyo gundi. Akalaza kipande kipya, akakivuta taratibu kwa vidole gumba viwili mpaka kikafanya mikunjo midogomidogo. Akapuliza. Bado. Akavuta tena kidogo tu, akapuliza, na ule mlio mkali wa kutetema ukajaa chumba kizima. Fundi mitambo alisahau kubonyeza kitufe cha kurekodi.

Ila sasa noti hizi hazikufanana na za asubuhi. Fundi akaomba zile za asubuhi zirudiwe zote. Mwalimu akauliza, kwa upole kabisa, "Dizi haishindi ileile kutwa nzima. Ninyi mnataka ipi?"

Hakuna aliyemjibu. Tulirudia, tukamaliza usiku.

Programu ninayo mpaka leo na naipenda. Nyimbo zangu kadhaa zisingekuwepo bila hiyo. Utando wake haulegei, masika wala kiangazi. Lakini swali lile bado linanisumbua. Leo ningeshauri ziingizwe zote mbili, ya asubuhi na ya alasiri, mpigaji ajichagulie. Kama jibu hilo lingemridhisha Mwalimu, sina hakika.